Hukumu Bila Shauri

Tabora ina mtaa uitwao Ng'ambo, na Unguja nayo ina Ng'ambo yake. Jina moja limetupwa kwenye ncha mbili za njia moja, na baina ya majina hayo mawili kuna bahari, kisha Bagamoyo, kisha mwendo wa takriban miezi mitatu kwa mpagazi mwenye mzigo kichwani. Washairi wa visiwani wameipenda njia hiyo, na si ajabu. Wameisifu miembe ya Ujiji, wameililia tembe ya Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, wamemtukuza Mirambo na kumsikitikia Isike, aliyeilipua ngome yake mwaka 1893 asije akatiwa mikononi mwa Wajerumani. Kilichokosekana katika sifa zote hizo ni swali moja dogo, ambalo vitukuu vya njia hiyo wangali wakiulizwa maofisini, kwenye mabasi na katika stesheni za reli za magharibi ya Tanzania: babu yako alizaliwa wapi?

Swali hilo halitaki jibu la kishairi. Anayeulizwa akibabaika, pasipoti yake huchukuliwa, au kibali chake hufutwa, na mwenyewe huwekwa mahabusu akingoja kuvushwa mpaka. Aliyemtilia shaka ndiye aliyemkamata, ndiye aliyemchunguza, na idara yake ndiyo inayopendekeza aondoshwe. Kesi ya ngedere hakimu nyani. Watu wa Kigoma wamelilalamikia jambo hili kwa miaka mingi, na kilio chao kimefika Bungeni zaidi ya mara moja. Ajabu ni kwamba nchi iliyokipata Kiswahili chake kwa kukisafirisha juu ya njia hii ndiyo hiyo hiyo inayowashuku watu waliokisafirisha.

Ni nani basi waliopita njia hiyo? Kwanza ni Wanyamwezi wenyewe, walioshuka pwani na pembe zao kabla ya mfanyabiashara yeyote wa pwani kujenga nyumba Unyanyembe. Kisha wakaja watu wa pwani na visiwani. Muhammed bin Juma, babake Hamed bin Muhammed ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alimwoa binti wa Mtemi Fundikira na kukaa Ituru, jirani na Tabora, akawa mkwe wa Kinyamwezi na mwenyeji kuliko wenyeji wengi. Kisha wakaja Wamanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kutoka Kasongo na Nyangwe na vijiji visivyokuwa na majina katika ramani ya mtu yeyote. Na Umanyema wenyewe ni kapu ambalo wenye misafara walitia makabila mengi kwa kuwa hawakuwa na haja ya kuyatenganisha.

Hapa ndipo washairi wanapostahili kulaumiwa. Wengi wa Wamanyema hao hawakuja kutafuta maisha, bali waliletwa. Walikuja na pembe begani na kamba shingoni, wakauzwa Ujiji, Tabora au Bagamoyo, na wengine wakafikishwa mpaka sokoni Mkunazini. Utumwa ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Wajukuu wa waliobaki njiani walijenga Gongoni na Isevya, wakajenga Ujiji, wakafanya kazi katika reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wakasoma chuoni na kuzikana. Kumdai kitukuu wa watu hao karatasi ya kuingilia nchini ni kumuuliza aliyefungwa kamba kwa nini hakupitia ofisi ya forodha.

Sheria iliwakuta watu hawa wamekwisha kukaa. Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961, sheria ya uraia ilimhesabu kuwa raia yule aliyezaliwa nchini ambaye walau mzazi wake mmoja naye alizaliwa nchini. Sharti hilo la pili ndilo lililomfufua babu kaburini. Mtoto aliyezaliwa Tabora mwaka 1930 kwa baba na mama waliozaliwa Kasongo hakuupata uraia huo wa moja kwa moja. Ilimpasa ajiandikishe, na aghalabu hakutokea mtu wa kumwambia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, katika kifungu chake cha 5, ilipotungwa ilisomeka kana kwamba kila aliyezaliwa katika Jamhuri tangu siku ya Muungano ni raia, isipokuwa watoto wa wanabalozi na wa maadui walioikalia ardhi ya nchi. Lakini maofisa hawakuzoea kuisoma hivyo. Wao hudai mzazi raia, na mzazi huyo naye hudaiwa mzazi wake, mpaka wanafika mahali ambapo hapakuwa na cheti, wala kalamu, wala Tanganyika. Katika sehemu kubwa ya nchi ukoloni haukumlazimisha Mwafrika kuandikisha kizazi chake, na hata katika miaka ya 2010 watoto wengi wa Bara walikuwa hawana cheti cha kuzaliwa. Basi kwa kipimo hicho cha maofisa, ni nani Tabora asiyeweza kutiliwa shaka? Jibu ni kwamba wote wanaweza, ila hushukiwa wenye majina ya Kimanyema, Kiha, Kirundi na Kinyarwanda, na wenye ndimi zenye lafudhi, na wakati mwingine wenye jirani aliyewachukia.

Hayo yote yangeweza kuvumilika lau mwenye kushukiwa angekuwa na mahali pa kusimama na kujitetea. Lakini Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, katika kifungu cha 10, ilimpa Waziri au Mkurugenzi uwezo wa kumtangaza mtu kuwa hatakiwi nchini kwa sababu tu, kwa maoni yake, kuwapo kwake hakufai. Tamko la Mkurugenzi huthibitishwa na Waziri, na kauli ya Waziri ndiyo ya mwisho. Sheria ya Uraia ya mwaka huo huo, kifungu cha 23, ikaongeza kuwa Waziri halazimiki kutoa sababu, na uamuzi wake haukatiwi rufaa wala haupitiwi na mahakama yoyote. Sheria hizo zisomwe sambamba na Katiba. Ibara ya 13(6) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Ibara ya 107A inaipa Mahakama, wala si wizara, kauli ya mwisho katika kutoa haki. Nchi moja haiwezi kuwa na kauli mbili za mwisho. Mojawapo ni ya uongo, na mahabusu anajua ni ipi.

Wanasheria wa serikali hujibu kwamba mlango haukufungwa kabisa: Mahakama Kuu ina mamlaka ya kupitia maamuzi ya viongozi, na ina mamlaka ya kuamuru aliyewekwa kizuizini aletwe mbele ya jaji. Ni kweli, na majaji kadhaa hawakuviogopa vifungu vya namna hiyo. Mwaka 1988, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba Sheria ya Uhamishaji ya mwaka 1921, ambayo Waingereza waliitunga ili kumng'oa mtu wasiyempenda katika wilaya yake na kumtupa katika wilaya nyingine, inapingana na Katiba. Hata hivyo kwanza lazima iombwe ruhusa, ndipo yafunguliwe maombi yenyewe, kwa wakili na kwa gharama. Na jaji anayepitia uamuzi huangalia zaidi kama utaratibu ulifuatwa, si kama babu alizaliwa Kasongo au Kwihara. Kwa miaka mingi, kabla Kigoma haijapata kanda yake ya Mahakama Kuu, mtu wa Ujiji aliyetaka jaji alipaswa kupanda treni na kuifuata njia ya misafara mpaka Tabora. Gari la Uhamiaji kwenda mpakani halikuwa na safari ndefu kiasi hicho.

Inafaa hapa kukumbuka maneno mawili ambayo njia hiyo iliyatia katika vitabu vya dunia. La kwanza ni hongo. Msafara ulipoingia Ugogo ulisimamishwa, na mtemi akadai nguo, waya na shanga kabla ya kuruhusu maji na njia. La pili ni shauri. Hongo haikutolewa mpaka limekaliwa shauri: wazee wa mtemi upande mmoja, kiongozi wa msafara upande wa pili, siku moja, siku tatu, hata wiki. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 walijaza kurasa kwa kulilaani neno hilo, kwa kuwa liliwachelewesha. Si kwamba watemi walikuwa malaika; walikuwa na tamaa zao, na wapo waliofukarisha misafara. Lakini hakuna aliyezuiwa bila kuambiwa kwa nini amezuiwa, na hakuna aliyezuiwa asiruhusiwe kujibu. Leo hongo imegeuka kuwa kitu kinachotolewa gizani, na shauri ndilo lililofutwa. Kiswahili kingali kikiita kesi ya mahakamani shauri. Sheria za 1995 zilichotaka kukiondoa njiani ndicho hicho.

Wanaodhani kwamba haya ni ya mabibi wasiojua kusoma wakumbuke mwezi Februari mwaka 2001. Serikali ilitangaza kwamba watu wanne si raia wa Tanzania: Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mbunge, Timothy Bandora, aliyekuwa akiiwakilisha nchi huko Nigeria, Anatoli Amani, mwenyekiti wa chama tawala mkoani Kagera, na Maudline Castico, aliyekuwa msemaji wa chama hicho hicho huku Zanzibar. Nchi iliyomkabidhi mtu ubalozi iligundua, baada ya kumtuma, kwamba hakuwa wake! Tangazo hilo lilitoka serikalini, halikutoka mahakamani. Ikiwa balozi hakupata hakimu kabla ya kuvuliwa uraia, mchuuzi wa dagaa wa Ujiji atampata wapi?

Palipopatikana hakimu, mambo yalionekana kwa sura nyingine. Tarehe 13 Aprili 2011 wakili wa Kenya, Samuel Mohochi, alitua Entebbe pamoja na wenzake. Wenzake waliingia, yeye alizuiwa uwanjani na kurudishwa Nairobi siku hiyo hiyo bila kupewa sababu. Alikwenda katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Uganda ilijitetea kwa neno ambalo serikali zote hulipenda, yaani mamlaka ya dola juu ya mipaka yake. Mei 2013 mahakama iliamua kwamba dola iliyotia saini Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja haiwezi kumfungia mlango raia wa nchi mshirika kimyakimya. Ana haki ya kuambiwa kosa lake na kujibu. Upungufu wa njia hiyo ni kwamba shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi miwili. Wakili aliyerudishwa nyumbani kwake aliiweza miezi miwili, lakini aliyeko mahabusu bila simu hawezi kuahidiwa hivyo.

Kisha kuna shauri la Anudo dhidi ya Tanzania, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo pia iko Arusha. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1979 katika wilaya ya Butiama, wilaya ya Mwalimu mwenyewe. Mwaka 2012 alikwenda polisi mkoani Manyara kushughulikia taratibu za ndoa yake, pasipoti yake ikazuiwa kwa shaka juu ya uraia. Aliandika barua wizarani. Agosti 2014 akajibiwa kwamba yeye si raia, na alipokwenda kuifuata pasipoti akawekwa kizuizini, akapelekwa mpaka wa Kenya na kutiwa saini karatasi. Kenya nayo, kwa amri ya mahakama, ikamwona ni mgeni asiye na ruhusa ikamrudisha, Tanzania ikamkataa. Akabaki Sirari, katika kipande cha ardhi baina ya vizuizi viwili, ambapo hakuna serikali, wala chakula cha serikali. Alikwenda kuulizia harusi akaishia kuishi barabarani.

Hukumu ya tarehe 22 Machi 2018 ilisema jambo ambalo lingefaa kubandikwa katika kila stesheni ya reli ya kati. Mahakama iliona kwamba mtu aliyeishi na hati za nchi miaka yote hapaswi kuthibitisha kwamba yeye ni raia; dola inayomkana ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba siye. Iliona pia kwamba alinyang'anywa uraia kiholela, alifukuzwa kiholela na hakusikilizwa, na ikaiamuru Tanzania irekebishe sheria ili anayebishaniwa uraia apate mahakama.

Hoja inayorudishwa siku zote ni ya usalama. Magharibi ya Tanzania imepakana na nchi zilizowaka moto, Burundi, Rwanda na Kongo, na silaha zimevuka pamoja na watu. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Wanakijiji wa Kigoma na Kagera wameuawa njiani na majambazi wenye bunduki za vita. Lakini jambazi hushtakiwa, na mahakama inamfaa jambazi pia. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, katika Kagera, Geita na Kigoma, haikuwa na hakimu. Maelfu waliondoka au waliondoshwa, na ndoa zikakatwa vipande viwili, mke huku na mume kule, kwa kuwa mmoja alikuwa na babu mwenye karatasi. Jina la operesheni hiyo lilisema kweli bila kukusudia: kimbunga hakimsikilizi mtu.

Na dola hii hii ikitaka huweza. Ulyankulu, mkoani Tabora, ilifunguliwa mwaka 1972 kwa Warundi waliokimbia mauaji. Baadaye zikafuata Katumba na Mishamo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tanzania iliwapa jembe na ardhi ya kulimia, nao wakaitajirisha mikoa hiyo kwa tumbaku na mahindi. Mwaka 2007 wakafunguliwa mlango wa uraia, na zaidi ya 162,000 wakakubaliwa mwaka 2010. Ni tendo ambalo nchi chache duniani zimelifanya, na linastahili sifa kuliko lilivyosifiwa. Hata hivyo vyeti havikuanza kuwafikia wengi wao mpaka mwaka 2014. Katika miaka hiyo walikwisha kuukana Urundi na hawajashika Utanzania, na hawakuwa na mahakama ya kuuliza cheti kiko wapi, maana ukarimu wa Waziri ulikuwa ni wa Waziri.

Msomaji wa visiwani anaweza kusema kwamba haya ni ya Bara, na kufungua ukurasa wa mashairi. Asifanye haraka. Januari 2001, mwezi mmoja kabla ya wale wanne kutangazwa kuwa wageni, Wazanzibari zaidi ya 2,000 walivuka kwa vyombo kutoka Pemba mpaka Shimoni, Kenya, wakikimbia risasi. Lau pale gatini angesimama ofisa mwenye kauli ya mwisho akawauliza babu zao walizaliwa wapi, wangerudishwa katika maji yale yale. Wapemba wengine, waliohamia Kwale na Kilifi kuvua tangu zama za ukoloni, waliishi huko vizazi hadi vizazi bila kitambulisho, watoto wao wakishindwa hata kusajili mtumbwi, mpaka Kenya ilipowatambua mwaka 2023. Na habari hizo zilipofika Unguja na Pemba, watu walishangilia kwa haki. Na wako wangali hai, Maskati na kwingineko, waliopakiwa majahazini mwaka 1964 bila hakimu yeyote kuwasikiliza. Mashairi yaliyoandikwa juu ya huzuni yao hayahesabiki. Mmanyema wa Gongoni anasubiri la kwake.

Yanayodaiwa si makubwa. Mtu asivushwe mpaka kabla jaji hajamsikiliza. Aliyefutiwa viza au kibali, awe Mchina mwenye duka Kariakoo au mhubiri kutoka Kongo, aambiwe sababu kwa maandishi na apewe muda wa kuipinga. Kizuizi cha Uhamiaji kiwe na siku zinazohesabika, na mahabusu aonane na wakili. Na pale ambapo mtu amezaliwa, amesoma, amepiga kura na amezika wazazi wake katika nchi, ofisa ndiye alete ushahidi wa Kasongo.

Tarehe 21 Novemba 2019 Tanzania iliwasilisha hati ya kuondoa ridhaa yake ya watu binafsi kuishtaki katika Mahakama ya Afrika. Siku saba baadaye, tarehe 28 Novemba, mahakama hiyo ilitoa hukumu katika shauri la Penessis, mtu aliyekamatwa mwaka 2010, akatumikia adhabu ya kuwapo nchini bila ruhusa, kisha akaendelea kuwekwa katika gereza la Butimba, Mwanza, akingoja kufukuzwa kutoka nchi aliyosema ni yake na ambayo mahakama iliona kuwa ni yake. Kujitoa huko kulianza kutumika tarehe 22 Novemba 2020. Tangu siku hiyo mwenye shauri kama lake hawezi tena kulifikisha katika mahakama hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Kutoka Ujiji ama Uvinza, aliyeulizwa juu ya babu yake amebakiwa na miezi miwili ya Mahakama ya Afrika Mashariki, na majaji wa nyumbani, ambao sheria ya 1995 imewaambia kwamba shauri hilo si lao.